Washa Mbili za Gari la Marehemu

Mtu anapofariki dunia, vitu vyake havifi pamoja naye. Shati hubaki limetundikwa ukutani, miwani hubaki mezani, na deni hubaki katika daftari la mwenye duka. Vingi kati ya vitu hivyo havina haraka. Vyaweza kukunjwa, kugawiwa, au kutiwa sandukuni mpaka uchungu upoe. Lakini gari si shati. Gari lililoachwa lina petroli tumboni, lina umeme katika betri, na lina mipira inayozeeka usiku na mchana, liwe linatembea au limesimama. Anayelifungia bandani akidhani kwamba limelala, hujidanganya.

Jambo hilo lilimfika mjane mmoja wa Ntinda, jijini Kampala. Mumewe alimwachia watoto watatu, nyumba ya vyumba vinne, na gari dogo jekundu aina ya Toyota Celica, toleo la mwaka 1990, lenye milango miwili na taa za mbele ambazo huinuka zikihitajiwa na kulala zisipohitajiwa, mfano wa kope za macho. Majirani waliliita gari la vijana, ijapokuwa mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, karani wa maisha yake yote, ambaye hakupata kuendesha mbio hata siku moja.

Mapenzi ya magari ya namna hiyo si jambo geni Kampala. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yalipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, na watoto wengi wa Uganda wa miaka ya 1960 walikua wakisimama kando ya njia kuyangojea magari yaliyojaa matope. Kampala ndiko alikozaliwa Shekhar Mehta mwaka 1945. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka nchini, na jamaa ya Mehta ikawa miongoni mwa waliohama. Mwaka uliofuata, 1973, Mehta alishinda Safari kwa gari la Datsun 240Z, baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Sweden. Kisha akashinda tena miaka minne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982.

Wakati huo mashindano yalikuwa yamekwisha kubaki Kenya peke yake, lakini wapenzi wake wa Kampala waliendelea kuyafuata redioni. Ndipo ilipofika zamu ya Celica: ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986, ikashinda tena 1990, na kisha kila mwaka tangu 1992 hadi 1995. Marehemu aliyasikia yote hayo, akayaweka moyoni. Alipopata fedha kidogo alinunua Celica iliyokwisha tumika Japani. Haikuwa ile ya mashindano. Haikuwa na turbo, wala haikuvuta kwa magurudumu yote manne. Hata hivyo kwake ilikuwa Celica, na kila Jumapili aliiosha kwa mikono yake.

Msiba wa gari hilo ulianza kabla ya msiba wa mwenyewe. Uganda haina bandari, na petroli yake karibu yote hupitia Kenya na kuvuka mpaka kwa malori, hususa Malaba na Busia. Njia hiyo ikiziba, Kampala hukauka. Ndivyo ilivyokuwa mwezi Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya. Na ndivyo ilivyokuwa tena Januari 2022, madereva wa malori walipogoma kwa sababu ya vipimo vya Korona mpakani. Katika siku za namna hiyo watu hununua petroli iliyotiwa katika madumu, bila kuuliza dumu lilikuwa na nini jana. Marehemu naye alinunua. Baada ya majuma machache Celica ilianza kukosa pumzi. Katika tambarare ilikwenda vizuri, lakini ikipanda mlima wa Kololo ilikohoa na kulegea kama mzee aliyebebeshwa gunia.

Ugonjwa huo una sababu iliyo wazi. Kati ya tangi na injini kuna chujio la petroli, kopo dogo la chuma ambalo ndani yake mna karatasi maalumu iliyokunjwakunjwa. Kazi yake ni kuzuia kutu, mchanga na takataka zisifike kwenye injekta, ambazo matundu yake ni membamba mno. Chujio likijaa uchafu, petroli hupita kwa shida. Injini ikienda polepole haihisi upungufu huo, kwa kuwa inahitaji kidogo. Lakini ikipanda kilima huhitaji nyingi kwa mara moja, na hapo ndipo chujio linapoikatalia.

Fundi mmoja wa kando ya barabara alibadili chujio hilo kwa muda usiozidi nusu saa, akalipwa, akaenda zake. Gari likapanda Kololo bila kukohoa. Lakini tangu siku hiyo lilianza kunuka petroli, na kabla ya kuulizwa jambo hilo, mwenye gari akaugua, akalazwa, na hatimaye akafariki.

Kwa miezi kumi na mmoja Celica ilikaa bandani. Kila Jumamosi asubuhi binti mkubwa, mwanafunzi wa chuo, aliizungusha injini kwa dakika kumi ili betri isife, kama alivyomwona baba yake akifanya. Hatua saba kutoka bandani, chini ya mwembe, ndipo mama mtu alipopikia maharage kwa sigiri ya makaa. Harufu waliisikia wote. Mama aliamini kwamba gari la zamani hunuka tu, kama vile kanzu ya zamani inavyonuka sanduku.

Siku moja binti huyo alifungua boneti kutafuta panya aliyemsikia humo. Panya hakumwona, ila aliona kopo la chujio limelowa juu, na tone moja linakua polepole pembeni mwa bolti, linadondoka, na jingine linaanza. Akaizima injini, akatoka mbio.

"Mama," akasema, "gari linatoka jasho."

Mama alikuja, akainama, akanusa. Kisha akageuka kutazama sigiri yake, na makaa mekundu, na mtoto wa mwisho aliyekaa karibu nayo akichambua mchele. Hakusema neno. Aliiinua sigiri kwa vitambaa viwili, akaipeleka nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo hakuna moto uliowashwa upande wa banda.

Hapa inafaa msomaji aijue petroli ilivyo, maana wengi huiogopa ikiwa katika dumu, wakaisahau ikiwa hewani. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la Kampala. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hauruki juu kama moshi, bali hutambaa chini sakafuni, ukajaa mashimoni, ukasafiri mpaka ukutane na kaa, kiberiti, au cheche ya swichi. Moto ukiisha kushika hurudi kwa njia ile ile uliyojia mvuke. Maji hayafai kuuzima, kwa sababu petroli huelea juu ya maji na kuenea pamoja nayo. Kinachofaa ni kizima moto cha unga au cha povu, au mchanga mkavu ikiwa moto ungali mdogo.

Juma hilo hilo shemeji wa mjane alifika na habari njema. Hati ya usimamizi wa mirathi ilikuwa imekwisha kutoka mahakamani, ada ya binti ilikuwa inadaiwa chuoni, na mnunuzi wa Celica alikuwa amepatikana Mukono, kijana mpenzi wa magari ya mbio, tayari kulichukua Jumapili.

"Shemeji, tusiliguse," akasema. "Mpunguzie bei kidogo, alichukue lilivyo. Mnunuzi ana macho."

"Ana macho, shemeji," akajibu mjane, "lakini mvuke hauonekani."

"Ada inangoja."

"Najua. Lakini huyo kijana naye ana mama yake."

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akitazama madeni ya nyumba ya ndugu yake, na alijua kwamba mnunuzi akingojeshwa huenda akapata gari jingine. Mzozo wao ulikuwa wa watu wawili waliokuwa na haki kila mmoja upande wake, na ndiyo sababu ulikuwa mgumu. Mwishowe mjane aliomba siku tatu tu, naye shemeji akakubali kwa shingo upande.

Fundi aliyeitwa mara hii alikuwa mzee wa Katwe, mwenye umri wa zaidi ya miaka 60. Walizungumza Kiswahili, kwa kuwa mjane alikuwa mzaliwa wa Arua, na mzee alijifunza lugha hiyo alipokuwa mkimbizi Nakuru mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ufundi aliuanza utotoni, katika miaka ile baada ya 1972 ambapo maduka ya Waasia yaligawiwa watu ambao wananchi waliwapa jina la mafuta mingi, vipuri vikatoweka rafuni, na magendo yakawa ndiyo duka. Mafundi wa wakati huo walikata gasketi kwa maboksi, walichonga washa kwa mabomba ya zamani, na gari lililopaswa kufa lilifika Masaka na kurudi.

Mzee alipolitazama chujio alicheka kidogo, bila furaha.

"Nyabo," akasema, "hapa kuna mkono wa shule yangu mwenyewe. Chujio ni jipya, lakini washa ni za zamani. Ujanja huo ulitulisha enzi zile, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Leo njia ipo, na ujanja umekuwa uvivu."

Bomba la juu la chujio la Celica hufungwa kwa bolti iliyotobolewa ndani, ambayo petroli hupita katikati yake. Ili isivuje, huwekwa washa mbili za chuma laini, moja juu ya kichwa cha bomba na moja chini yake, kila moja mfano wa senti ya zamani yenye tundu. Bolti ikikazwa, washa hubonyea na kuziba kila mkwaruzo mdogo uliopo katika nyuso mbili zinazoibana. Hiyo ndiyo kazi yake, nayo huifanya mara moja tu. Ikiisha kubonyea, imechukua sura ya mahali pale na kuwa ngumu; ikifunguliwa na kurudishwa, haikai tena kama ilivyokaa. Na mabomba ya injini yenye injekta hayachezi: hubeba petroli kwa kani ya zaidi ya mara mbili ya ile ya hewa. Tundu lisiloonekana kwa macho latosha. Pampu ikisimama, tone husimama. Ndiyo maana banda lilinuka zaidi siku ya Jumamosi kuliko siku nyingine zote.

Walikwenda wote wawili pamoja na binti mpaka soko la vipuri la Kisekka, ambapo muuzaji wa kwanza aliwapa chujio lililokuwa jepesi kama kopo tupu. Mzee alilipima mkononi, akalirudisha kwa adabu. Kwa muuzaji wa tatu alilinganisha chujio jipya na lile kuukuu: urefu sawa, nyuzi za parafujo sawa, mshale wa kuonyesha petroli iendako umechapwa wazi, na vifuniko vya plastiki vingali midomoni. Washa mbili mpya, ambazo ndizo zilizokuwa kiini cha taabu yote, hazikuzidi bei ya rolex moja ya mayai mawili.

Kazi ilifanywa asubuhi ya pili, injini ikiwa baridi, gari likiwa limesukumwa nje ya banda mahali penye upepo. Mzee alimtaka binti asimame karibu ajifunze, naye mama akae mbali kidogo akiwa na kizima moto cha unga alichoazima kwa jirani. Simu zote ziliwekwa ndani. Kwanza mzee alitoa fyuzi ya pampu, akawasha injini, akaiacha imalize petroli iliyobaki mabombani mpaka ikazimika yenyewe, akaizungusha tena mara mbili kuhakikisha. Kisha akafungua kifuniko cha tangi ili kani iliyobaki ipumue, na akaondoa waya hasi wa betri.

Ndipo akafunika bolti kwa kitambaa kinene na kuilegeza polepole, akishika kopo kwa spana ya pili ili bomba lisipindike. Petroli kidogo ikatoka, ikanywewa na kitambaa, na kitambaa kikatupwa katika ndoo ya chuma yenye kifuniko, mbali na gari. Washa za zamani aliziweka kiganjani mwa binti. Moja ilikuwa na mistari miwili ya duara isiyolingana: mmoja wa mahali ilipokaa mara ya kwanza, mwingine wa mahali ilipolazimishwa mara ya pili.

Alifuta nyuso zote kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, akalifunga chujio jipya mshale ukielekea injini, akaweka washa moja juu na moja chini, akaanza kuiingiza bolti kwa vidole. Hakuchukua spana mpaka vidole vilipochoka.

"Anayeanza kwa spana," alimwambia binti, "hujua ameharibu nyuzi wakati tayari ameziharibu."

Alimalizia kwa spana ya kipimo, takriban nyutoni-mita 30, akaeleza kwamba kukaza kupita kiasi ni kosa sawa na kukaza pungufu, kwa kuwa bolti iliyotobolewa ndani hukatika kwa urahisi.

Baada ya kurudisha betri na fyuzi, hakuwasha injini. Magari ya Toyota ya miaka hiyo yana kisanduku kidogo cha ukaguzi chini ya boneti, chenye matundu yaliyoandikwa herufi. Kwa kipande cha waya aliunganisha tundu la Fp na la +B, akamwambia binti afungue swichi bila kuzungusha. Pampu ikasikika ikinguruma nyuma, mabomba yakajaa, na wote wakatazama. Mzee alipitisha karatasi nyeupe kuzunguka bolti, juu na chini. Ikatoka kavu. Akangoja dakika tano, akapitisha tena. Ikatoka kavu. Ndipo waya ukatolewa na injini ikawashwa.

Jumapili mnunuzi alikuja kutoka Mukono. Shemeji alitaka azungumze yeye, lakini mjane alimtangulia. Alimweleza kijana kwamba gari lilivuja petroli kwa miezi kumi na mmoja, kwamba limetengenezwa juzi, na kwamba fundi ameshauri mpira unaotoka tangini ubadilishwe kabla ya mwaka kwisha, kwa kuwa umeanza kupasuka ngozi. Akampa risiti ya chujio, na zile washa mbili za zamani zikiwa zimefungwa katika karatasi. Kijana aliinama akatazama mwenyewe, akanusa, akauliza maswali mengi. Bei aliishusha kidogo kwa ajili ya mpira wa tangi. Shemeji akauma mdomo. Hata hivyo fedha ilitosha ada ya muhula na ikabaki ya kulipa deni la duka.

Akina mama wengi hawajapata kuambiwa kwamba mambo ya chini ya boneti yanawahusu, ilhali banda la gari aghalabu huwa karibu na jiko na karibu na chumba wanacholala watoto. Si lazima kila mmoja ajue kushika spana. Inatosha kujua mambo machache: kwamba gari zima halinuki petroli; kwamba harufu ikisikika, moto uhamishwe kwanza na maswali yafuate; kwamba chujio la petroli halibadilishwi peke yake, bali pamoja na washa zake au oringi zake; na kwamba fundi akimaliza kazi, mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa vipande vya zamani na kuviweka mkononi. Fundi wa kweli haoni haya kuombwa hivyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ile ya Ntinda ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, na wa kuuziba ulikuwa duara mbili za chuma zisizojaza kiganja cha mtoto. Banda sasa ni tupu, limefagiliwa. Sigiri imerudi chini ya mwembe, na Jumamosi maharage huchemka hapo bila mtu kunusa kitu kingine.